Presha Haipotei Njiani: Tuliyojifunza Kwenye Mteremko wa Bugarama

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, sisi tunaoandika ni mke na mume, wakazi wa Buyenzi hapa Bujumbura. Katika ukurasa huu mmezoea kusoma makala za malezi, za ndoa na za masomo. Leo tunawaletea habari ya breki za gari. Msishangae. Mtaa wetu unajulikana mji mzima kwa gereji zake, na watoto wetu wamekulia kwenye milio ya nyundo na harufu ya grisi. Pamoja na hayo, ilibidi tunusurike ajali ndipo tukaelewa jambo ambalo kijana wetu mkubwa alikuwa amekwisha kulisoma darasani: namna presha inavyopita ndani ya kimiminika. Siku hiyo hiyo tukaona pia namna presha inavyopita ndani ya nyumba.

Kabla ya kuandika tulimwomba ruhusa kijana mwenyewe. Amekubali, ila ametuomba tusitaje jina lake. Na fundi wetu naye amekubali kwa sharti hilo hilo.

SAFARI YA IDI

Mwaka 2024 petroli ilikuwa taabu kubwa nchini kwetu. Gari letu, dogo na kuukuu, lilikaa miezi kadhaa bila kutembea. Ilipokaribia Idi ya kuchinja tukapata lita chache baada ya kupanga foleni siku mbili, tukanuia kwenda Gitega kuwaona wazee. Tulipoliwasha gari tukakuta paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele imechanika na inavuja. Breki, au feri kama wengi tunavyosema hapa, si kitu cha kuchezea. Tukalipeleka kwa fundi wetu, mtu tunayemfahamu miaka mingi.

Fundi akabadilisha paipu, kisha akamwambia kijana wetu, "Nenda kanunue oili ya breki, chupa kubwa, uje tutoe upepo." Kutoa upepo ni kazi ya kusukuma oili mpya ndani ya mabomba ya breki mpaka mapovu yote ya hewa yatoke.

Pesa tulimpa sisi. Lakini kijana alikuwa na shida yake ambayo hatukuijua, au tuseme ukweli, ambayo hatukutaka kuisikia. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na alihitaji kutoa fotokopi za mitihani ya miaka iliyopita. Wiki ile ile alikuwa amejaribu kutuomba. Mmoja wetu akamjibu kwa ukali kwamba habari ya pesa isitajwe tena mpaka tuone matokeo, na mwingine akaongeza kwamba watoto wa jirani wanafaulu bila fotokopi. Hatuwezi kusukumiana, kila mmoja alisema lake.

Basi akanunua chupa ndogo. Oili akaimimina kwenye chupa kubwa tupu aliyoiona gerejini, akajazia maji ya bomba, na pesa iliyobaki ikaenda kwenye fotokopi. Oili ya breki ya kawaida huchanganyika na maji kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai. Ukitazama huoni kitu. Fundi alikuwa na magari mengine yanamsubiri. Akaipokea chupa kwa mikono yenye grisi, wakatoa upepo, pedali ikawa ngumu vizuri. Kijana mwenyewe alikanyaga akaona inashika, moyo ukatulia.

Baadaye alitueleza alichokuwa akikifikiri. Mwalimu wa fizikia alikuwa amewafundisha kwamba kimiminika chochote kilichofungwa ndani ya chombo kinapitisha presha pande zote bila kuipunguza. Maji ni kimiminika. Kwa hesabu yake hakuna aliyedhulumiwa.

MTEREMKO

Kwenda kulikuwa salama. Kutoka Bujumbura mpaka Bugarama ni kupanda tu, na anayepanda hahitaji breki sana. Tukasherehekea Idi na wazee, tukala, tukapiga picha, na siku ya pili alasiri tukaanza kurudi.

Mnaoijua barabara ile hamhitaji maelezo. Bugarama iko kwenye mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, iko kwenye mita 800 hivi. Maana yake unashuka karibu mita 1,400 katika kilomita zipatazo 35, kona baada ya kona. Njiani kuna malori, kuna mabasi madogo yenye haraka, na kuna vijana wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi wanaoteremka kama mshale.

Tulikuwa sisi wawili mbele na watoto watatu nyuma. Tulitaka kuiwahi Magharibi nyumbani, kwa hiyo aliyekuwa anaendesha aliacha gia kubwa na kutegemea breki muda wote. Hilo lilikuwa kosa letu, si la kijana. Tulipofika kama katikati ya mteremko tukasikia harufu ya kuungua. Kisha pedali ikaanza kulainika, ikawa kama kukanyaga sponji. Kwenye kona iliyofuata ikaenda mpaka chini, na gari halikupunguza mwendo hata kidogo.

Kutoka kiti cha nyuma tukasikia "Laa ilaaha illa Llah." Ilikuwa sauti ya mtoto wetu wa mwisho, ambaye madrasa walimfundisha aseme hivyo akiogopa.

Dereva akakanyaga haraka haraka mara kadhaa. Breki ikashika kidogo, ikaachia. Akarudisha gia ya tatu, halafu ya pili, injini ikapiga kelele kama inayotaka kuchomoka. Akavuta breki ya mkono taratibu. Upande wa mlima kulikuwa na mfereji. Akaingiza magurudumu humo, ubavu wa gari ukajikwaruza kwenye udongo, tukasimama.

Wale vijana wa ndizi, ambao dakika chache nyuma tulikuwa tukiwanung'unikia, wakaziangusha baiskeli zao wakaja kutuwekea mawe kwenye magurudumu. Hawakutuuliza dini wala kabila. Allah awalipe kheri.

MANENO TULIYOYATAMKA

Simu ya kwanza tuliyopiga ilikuwa kwa fundi, na hatukuanza kwa salamu. Tulimwambia ametupunja oili na nusura aue watoto wetu. Tulisema kwa sauti kubwa, na watu waliokusanyika pale wakasikia. Fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi sijafanya hivyo. Nisubirini, nakuja." Akapanda gari la abiria, akaja na chupa mpya mkononi.

Alipofika, muda mrefu ulikuwa umepita, na pedali ilikuwa imerudi kuwa ngumu yenyewe. Tukafikiri labda mambo yamekwisha. Fundi akatikisa kichwa. "Msiiamini. Breki zimepoa tu. Mkiondoka itawafanya vile vile." Akafungua nati ndogo nyuma ya gurudumu la mbele, akadondosha matone machache kwenye kifuniko, akayasugua kati ya vidole na kuyanusa. "Hii si oili tupu. Hii ina maji."

"Si uliiweka wewe!" Tulimwambia hivyo mbele ya watu, mtu aliyeacha kazi yake na kupanda mlima kwa ajili yetu.

Fundi hakujibu. Alimtazama kijana wetu mara moja tu, kisha akainamisha macho kwenye gurudumu. Nadhani sote wawili tuliliona jicho lile. Kijana akasema, "Baba, mama, ni mimi."

Tulimwomba radhi fundi pale pale. Tuliona kwamba aliyetukanwa hadharani huombwa radhi hadharani, haifai kumnong'oneza baadaye. Naye akasema, "Yamekwisha, kaka. Tufanye kazi, jua linazama." Akamweka kijana kwenye pedali, yeye akakaa kwenye gurudumu, wakasukuma oili yote ya zamani nje, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka ikatoka safi. Tukaswali Magharibi kando ya barabara. Kisha tukashuka polepole kwa gia ya pili, na fundi akiwa kiti cha mbele.

KIJANA ALIKOSEA WAPI?

Wanafunzi wetu wapenzi, sehemu hii ni yenu hasa, maana wengi wenu mnaisoma fizikia kwa Kifaransa au Kiingereza na kuihifadhi kama mtu anayehifadhi sura bila kujua maana yake.

Kijana wetu hakukosea kanuni. Kanuni ile ni ya Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1623 na kufariki mwaka 1662. Kitabu chake juu ya uzani wa vimiminika kilichapishwa mwaka 1663, baada ya kifo chake. Inasema hivi: ukikikandamiza kimiminika kilichofungwa ndani ya chombo, presha uliyoongeza inafika kila mahali ndani ya chombo hicho bila kupungua. Presha ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Ukisukuma fimbo, nguvu inakwenda kule fimbo inakoelekea. Maji hayana upande. Chembe zake zinateleza, kila moja inaisukuma jirani yake, na kila ukuta wa chombo unapata sehemu yake.

Jaribuni nyumbani. Nunueni duka la dawa mabomba mawili mapya ya sindano, bila sindano zenyewe, moja la mililita 5 na jingine la mililita 20, pamoja na mpira mwembamba wa kuyaunganisha. Msiokote yaliyotumika. Jazeni maji, toeni mapovu yote. Mwambieni mtoto mdogo asukume bomba dogo, na kaka yake azuie lile kubwa. Mdogo atamshinda mkubwa, na nyumba nzima itacheka. Kisha tazameni alama: mtoto amesukuma mililita 5 zote, safari nzima ya bomba lake, lakini bomba kubwa limepanda robo tu ya alama zake. Ulichozidishiwa katika nguvu umekilipa katika safari. Hakuna cha bure.

Breki zinafanya kazi hivyo hivyo. Tuchukue mfano wa hesabu. Mguu unakanyaga kwa nguvu ya uzito wa kilo 20. Pedali ni wenzo, nayo inazidisha mara 4, zinakuwa kilo 80. Nguvu hiyo inasukuma pistoni ya silinda kuu yenye eneo la sentimita 3 za mraba. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ndani ya oili inabeba karibu kilo 27. Presha hiyo inapita kwenye bomba jembamba mpaka kwenye gurudumu, na huko inakuta pistoni yenye sentimita 18 za mraba. Zidisha: kilo 480, kwa mguu uliokanyaga kwa kilo 20 tu. Jeki ya mafuta mnayoiona gerejini inanyanyua gari kwa njia hiyo hiyo, na mashinikizo makubwa ya viwandani nayo yanatokana na mashine ambayo Joseph Bramah wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1795.

Hatusemi kila kitu kiligunduliwa na Waislamu, maana kudai kisicho chako nako ni uongo. Lakini watoto wajue kwamba wazee wetu hawakukaa bure. Al-Khazini aliandika kitabu chake cha mizani ya hekima mwaka 1121, akaeleza namna ya kupima vitu kwa kuvitia majini na kuwatambua wanaochanganya dhahabu na madini duni. Al-Jazari, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1206, alichora pampu ya maji yenye silinda mbili. Elimu ya maji na uzito ni ya wanadamu wote. Kila umma umechangia sehemu.

Sasa, ikiwa kanuni ni ya kweli, kwa nini tulikaribia kufa?

Kwa sababu kanuni inafanya kazi kimiminika kinapobaki kimiminika. Maji hayakubali kukandamizwa: hata ukiyaweka chini ya presha mara 100 ya ile ya hewa inayotuzunguka, ujazo wake unapungua kwa chini ya nusu ya asilimia 1. Ndiyo maana ukikanyaga pedali, gurudumu linapata habari mara moja. Hewa na mvuke ni kinyume. Ukizidisha presha mara mbili, hewa inajikunja ikawa nusu. Malori makubwa hutumia upepo kwa makusudi, lakini yana mashine ya kuujaza na mitungi ya kuuhifadhi. Katika gari dogo, povu moja kubwa linaimeza safari yote ya pedali. Mguu unashuka, povu linajikunja, gurudumu halipati kitu. Rudieni jaribio la mabomba ya sindano mkiweka hewa badala ya maji, nanyi mtaona: unasukuma, upande wa pili unasitasita, kisha unaruka ghafla.

Na mvuke ulitoka wapi? Ulitoka kwenye moto. Gari letu na abiria wake lina uzito wa kilo 1,200 hivi. Likishuka mita 1,400, nishati inayotoka, kama yote ingegeuka joto, ingetosha kuchemsha karibu lita 50 za maji yaliyotoka bombani. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na injini ukitumia gia ndogo, na sehemu nyingine na upepo na barabara. Sisi tuliutwika mzigo karibu wote kwenye breki. Oili safi ya aina ya DOT 3 inavumilia mpaka nyuzijoto 205 kabla ya kuchemka, na ya DOT 4 mpaka 230. Ikishanyonya unyevu kidogo, asilimia 3.7 tu, viwango hivyo vinashuka mpaka 140 na 155. Yetu ilikuwa na maji mengi kuliko hayo kwa mbali. Ikachemka kwenye magurudumu ya mbele, ikatoa mvuke, na pedali ikafika chini. Gari liliposimama na kupoa, mvuke ukarudi kuwa maji na pedali ikawa ngumu tena. Ndiyo maana fundi alisema tusiiamini.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama. Kwa hiyo hata oili iliyobaki kwenye magurudumu ya nyuma, iliyokaa miaka bila kubadilishwa, haikuwa salama. Hilo nalo lilikuwa juu yetu.

Kijana alijua nusu ya jambo, na akaamini kwamba anajua lote. Hapo ndipo alipokosea katika fizikia. Kosa la pesa ni jingine, nalo halikuanza kwake.

PRESHA YA NYUMBANI

Usiku ule hatukulala mapema. Tulikaa wawili tukijiuliza: mtoto tuliyemlea, aliyehitimu madrasa, anayeswali bila kuamrishwa, imekuwaje akaona ni rahisi kutia maji kwenye breki za mama yake kuliko kutuambia "nina shida"?

Tukahesabu nyuma. Kazini kwa mmoja wetu mshahara ulikuwa umechelewa. Akarudi nyumbani na uso umekunjwa, akamkaripia mwenzake kwa sababu ya bei ya mchele. Mwenzake akanyamaza, halafu jioni akamkaripia kijana kwa sababu ya fotokopi. Kijana naye, kesho yake, akampiga kofi mdogo wake kwa sababu ya kalamu. Presha iliingilia mlango wa juu ikafika mpaka kwa mtoto wa mwisho bila kupungua. Na mahali palipokuwa dhaifu ndipo palipopasuka, kama ile paipu ya mpira.

Uongo nao tuliona ni kama maji yale kwenye oili. Umechanganyika vizuri, hauonekani, na siku za kawaida mambo yanakwenda. Moto unapopanda ndipo unapojitokeza, na hapo ndipo unapohitaji breki kuliko siku zote.

Lakini wapenzi wasomaji, mfano huu una mwisho wake. Oili haina hiari. Ikikandamizwa lazima ipeleke presha mbele, yote kamili, haiwezi kubakiza hata chembe. Mwanadamu amepewa hiari. Anaweza kuipokea presha na asiipeleke. Anaweza kunyamaza, kutawadha, kukaa kitako kama alikuwa amesimama, kama Mtume wetu (S.A.W.) alivyotufundisha tunapokasirika. Hiyo ndiyo subira. Zamani tukiambiwa subira tulidhani ni kuvumilia njaa na misiba tu. Siku ile tuliiona kwa fundi. Alipokea matusi yetu mara mbili, kwa simu na uso kwa uso, mbele ya watu, na alijua au alihisi ukweli uko wapi. Angeweza kumnyooshea kidole kijana. Presha ile ilifika kwake ikaishia kwake. Kwa sababu iliishia kwake, kijana alipata nafasi ya kusema mwenyewe.

Hatujui kama angesema kama fundi angemtaja.

TULIYOYABADILISHA

Kwa manufaa ya familia nyingine tunaandika haya machache:

1. Breki ni amana ya watu walio ndani ya gari na walio barabarani. Oili ya breki ibadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari halitembei sana. Tumieni aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo chake, wala msitie maji, sabuni, au oili ya injini. Oili ya injini inaharibu mipira ya ndani.

2. Kwenye mteremko mrefu, shukeni kwa gia ndogo tangu mwanzo. Msisubiri harufu.

3. Pedali ikilainika, usizime injini. Kanyaga haraka haraka, rudisha gia moja moja, vuta breki ya mkono taratibu, tafuta upande wa mlima. Tumwekee Allah tawakkul baada ya kumfunga ngamia, si kabla.

4. Mtoto akileta shida ya pesa, asikilizwe mpaka mwisho hata kama jibu litakuwa "hatuna". Sisi sasa tuna nusu saa baada ya Isha kila Ijumaa. Kila mtu anasema linalomkandamiza, na hakuna anayejibiwa siku ile ile.

5. Mkimdhulumu fundi, dereva, mtumishi wa nyumbani au yeyote aliye chini ya mkono wenu, rudini mkamwombe radhi mbele ya wale wale waliosikia.

Kijana alilipa pesa ile kwa kufanya kazi gerejini kila Jumamosi. Deni lilikwisha zamani, lakini bado anakwenda, na fundi anamfundisha kutoa upepo bila kubakiza hata povu moja. Mtihani wake aliufanya. Matokeo yake hatutayaandika hapa, na watu wakituuliza tunawajibu kwamba wamuulize mwenyewe. Tumeona hiyo ni sehemu ya toba yetu.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) azilinde safari zenu, azitulize nyumba zenu, na atujaalie tuwe watu ambao shari ikitufikia haipiti kwenda kwa wadogo wetu. Na wale vijana wa ndizi, popote walipo, Allah awafikishe salama chini ya kila mteremko. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu zenu katika Uislamu, Buyenzi, Bujumbura.